Simu ya Ofisi ya Parokia Inakula Umeme wa Nani?



Simu ikilia katika nyumba ya mapadre saa nane ya usiku, mara nyingi si ya salamu. Ni familia inayoomba padre afike kumpa mgonjwa wao Mpako Mtakatifu, au ni sista wa zahanati anayetafuta gari la kumkimbiza mama mjamzito hospitali ya wilaya. Usiku huohuo, kama mvua ya Novemba imeangusha nguzo na umeme umekatika, simu inaweza isilie kabisa. Padre yumo ndani, na anayempigia anadhani hapokei kwa kupenda.

Parokia, shule, zahanati na ofisi nyingi katika majimbo yetu ya Shinyanga, Kahama na Geita zimeweka, au zinafikiria kuweka, simu za kielektroniki za ofisini: zile zenye kioo kidogo, vitufe vingi, na namba fupi za kuitana kutoka chumba hadi chumba. Ni vifaa vizuri. Lakini wakati wa kuzinunua tunauliza bei, rangi na idadi ya vitufe, na tunasahau swali la msingi kuliko yote: simu hii inapata umeme wake wapi, na umeme huo ukikatika, itaendelea kufanya kazi kwa muda gani? Makala hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa lugha ambayo frateri, katekista na mjumbe wa kamati ya fedha wanaweza kuitumia.

Simu ya zamani ilikuja na umeme wake

Wazee wetu wanaikumbuka simu ya mezani iliyofungwa na TTCL, au na shirika la posta na simu lililoitangulia kabla ya mgawanyo wa 1994. Haikuchomekwa kwenye soketi ya ukutani. Ilikuwa na waya mmoja tu mwembamba wenye nyuzi mbili za shaba, na bado ilifanya kazi hata mji mzima ukiwa gizani. Siri yake ilikuwa kwenye kituo cha simu. Huko kulikuwa na chumba cha betri kubwa, zikichajiwa na umeme wa kawaida na kusaidiwa na jenereta. Betri hizo ndizo zilizosukuma umeme hadi kwenye simu yako kupitia zile nyuzi mbili.

Umeme huo ni wa volti 48, wa aina ya betri, yaani DC. Namba hiyo ina sababu. Seli 24 za betri ya asidi, kila moja volti 2, ukiziunga mfululizo unapata 48. Ni nguvu ya kutosha kusukuma mkondo kilometa kadhaa kwenye waya mwembamba, lakini si kubwa kiasi cha kuwa hatari kwa fundi anayegusa nyuzi hizo kwa mikono mikavu. Upande chanya wa betri huungwa na ardhi, ili waya unaopita udongoni uwe hasi. Kwa njia hiyo shaba hailiki haraka kwa kutu wakati wa masika.

Ukinyanyua mkono wa simu hiyo, unafunga mzunguko na mkondo mdogo unapita, kama miliampia 20 hadi 40. Kengele inapolia, kituo hutuma umeme mwingine wa kupandana na kushuka wa volti 90 hivi, na huo ndio unaompiga shoti fundi asiyetarajia. Kwa ujumla, simu nzima haitumii hata wati mbili wakati wa mazungumzo, na ikiwa imetulia haitumii karibu chochote.

Kuna simu zinazojitegemea zaidi ya hiyo. Simu za kwanza za Alexander Graham Bell zilizouzwa 1877 hazikuwa na betri: sauti ya msemaji ilitikisa kibati chembamba mbele ya sumaku, na mtikisiko huo ulizalisha umeme wa kutosha kusikika upande wa pili. Simu za namna hiyo, zinazoendeshwa na sauti pekee, zimeendelea kutumika melini na migodini. Sisi wa ukanda huu tunaelewa kwa nini. Mwaka 2015 wachimbaji watano walitolewa wakiwa hai katika machimbo ya Nyangarata, Kahama, baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mahali ambapo maisha yanategemea mawasiliano, chanzo cha umeme wa simu ni jambo la kwanza kufikiriwa.

Simu za kielektroniki: mzigo umehamia kwetu

Simu za ofisini za leo zina kompyuta ndogo ndani. Zinahitaji umeme saa zote, hata pasipo na mtu anayezungumza, na umeme huo sasa tunautoa sisi. Tunaweza kuzigawa katika makundi manne.

*Kundi la kwanza* ni simu za swichibodi. Laini moja au mbili kutoka nje zinaingia kwenye kisanduku cha ukutani, ambacho mafundi hukiita PABX, na kutoka hapo nyaya zinakwenda ofisi ya paroko, mapokezi, jikoni na chumba cha wageni. Simu zenye kioo na vitufe vya kampuni ileile iliyotengeneza kisanduku hupata umeme kutoka kwenye kisanduku chenyewe. Kisanduku kikizimika, simu zote zinazimika kwa pamoja, hata kama laini ya nje ni nzima na ina volti zake 48.

Watengenezaji wengi wameliona tatizo hilo. Wameweka ndani ya kisanduku swichi inayojigeuza yenyewe umeme ukikatika na kuunganisha laini ya nje moja kwa moja na tundu moja maalumu la simu. Lakini njia hiyo inafanya kazi kwa sharti moja: kwenye tundu hilo pawe na simu ya kawaida ya zamani, isiyohitaji umeme wa kisanduku. Ukichomeka hapo simu ya kisasa yenye kioo, umeipoteza faida hiyo. Simu ya kawaida ya bei ndogo, ikiwekwa kwenye tundu sahihi karibu na kitanda cha padre wa zamu, inaweza kuwa na thamani kuliko simu zote nyingine za nyumba hiyo.

*Kundi la pili* ni simu za intaneti, zinazoitwa simu za IP. Hizi huungwa kwenye mtandao wa kompyuta. Zinaweza kupata umeme kwa njia mbili: kwa adapta yake ya ukutani, au kupitia waya uleule wa mtandao unaoleta sauti. Njia hii ya pili inajulikana kwa kifupi cha PoE, na kipimo chake cha kwanza rasmi kilitolewa 2003. Kwa kipimo hicho, swichi ya mtandao hutoa hadi wati 15.4 kwa kila tundu, na simu iliyo umbali wa hadi mita 100 huhakikishiwa wati 12.95, kwa kuwa nyingine hupotea njiani kama joto. Simu nyingi za mezani hazifikishi kiwango hicho; nyingi hutumia wati 2 hadi 6.

Uzuri wa njia hii ni mambo mawili. Kwanza, swichi haitumi umeme kabla ya kupima kama kifaa kilichochomekwa kinauhitaji, hivyo kompyuta ya kawaida haiungui. Pili, simu zote zinapata umeme kutoka mahali pamoja. Ukiilinda swichi hiyo kwa betri, umezilinda simu zote ishirini bila kupeleka betri kila chumba. Lakini tuwe macho: vipo vijisanduku vya bei nafuu vinavyorusha umeme kwenye waya bila kupima kwanza. Hivyo vinaweza kuunguza kifaa kisichohusika.

*Kundi la tatu* ni simu za mezani zisizo na waya. Mkono wake una betri, lakini kitako chake kinategemea soketi. Umeme ukikatika, mkono unaonyesha chaji imejaa na hauwezi kupiga popote.

*Kundi la nne* ni simu za mezani zinazotumia laini ya kadi, kama simu ya mkononi. Hizi nyingi zina betri ndogo ndani, na ni msaada mkubwa vijijini ambako waya wa shaba haujawahi kufika. Udhaifu wake ni kwamba betri hiyo ikikaa miaka mingi kwenye chaja huvimba au hufa kimyakimya, na mwenyewe hugundua siku ya giza. Pia zinategemea mnara, na mnara nao unaishi kwa betri na jenereta zake.

Kioo hakipitishi umeme

Katika miji yetu waya wa shaba unaondoka na faiba inaingia. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeleta kasi ambayo shaba haikuweza kuitoa. Lakini faiba ni uzi wa kioo. Unapitisha mwanga, haupitishi umeme. Kituo cha simu hakiwezi tena kukutumia volti 48, hata kikitaka. Kisanduku cha faiba kilichopo ukutani kwako lazima kipate umeme kutoka kwako.

Nchi zilizotutangulia zimekutana na jambo hilihili. Uingereza inazima mtandao wake wa zamani wa simu za shaba, na tarehe ya mwisho imesogezwa hadi Januari 2027, sehemu ya sababu ikiwa ni wazee na wagonjwa wanaotegemea simu ya nyumbani kuomba msaada. Kampuni za simu huko zimetakiwa kumpa mteja anayetegemea simu hiyo pekee njia ya kupiga namba za dharura kwa angalau saa moja umeme unapokatika. Kwetu, saa moja haitoshi. Ni kweli hali ya umeme imeboreka: njia kuu ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida inafika Shinyanga, na umeme umefika vijiji vingi. Lakini nguzo ikianguka kati ya mji na kigango, inabaki chini mpaka mafundi wafike. Na tusisahau sababu nyingine ya kawaida kabisa: LUKU imeisha, na mwenye kuinunua amesafiri.

Kusoma maandishi ya adapta

Simu nyingi haziui na uzee bali na adapta isiyo yake. Kabla ya kubadilisha adapta iliyoharibika, tusome mambo manne yaliyoandikwa juu yake.

Volti lazima zilingane kabisa na zile za simu. Zipo simu za volti 5, za 12, za 24 na za 48. Adapta ya 48 kwenye simu ya 5 inaunguza kwa dakika moja. Ampia za adapta ziwe sawa na zile simu inazotaka au zaidi. Zaidi haidhuru, kwa sababu simu huchukua inachohitaji tu, lakini pungufu hufanya simu ijizime na kujiwasha, au adapta ipate moto. Aina ya umeme unaotoka, DC au AC, iwe ileile. Na mwisho, mchoro mdogo wa duara na alama za jumlisha na toa unaonyesha kama chanya iko katikati ya pini au nje. Ukigeuzwa, simu inaweza kufa.

Ushauri wetu: siku ya kufunga simu, andika jina la kifaa kwenye kipande cha plasta na ukibandike juu ya adapta yake. Ni kazi ya dakika kumi kwa nyumba nzima.

Hesabu ya betri

Hapa mafrateri waliosoma fizikia wanaweza kuisaidia parokia. Tuchukue mfano wa nyumba yenye simu sita za IP. Kila moja inatumia wati 4, jumla 24. Swichi ya mtandao yenyewe wati 10, ruta 10, kisanduku cha faiba 8, na kisanduku cha kuendesha simu 8. Jumla ni wati 60.

Wati 60 zikiwaka mchana na usiku ni wati-saa 1,440 kwa siku, yaani yuniti 1.44. Kwa mwezi wa siku 30 ni yuniti 43 hivi za LUKU. Kamati ya fedha iujue mzigo huo mapema.

Sasa umeme umekatika. Wengi wana yupiesi ndogo ya kompyuta iliyoandikwa 650 VA, na wanadhani namba hiyo ni muda. Sivyo. Namba hiyo inasema mzigo inaoweza kubeba, si saa itakazodumu. Kinachoamua muda ni betri iliyomo ndani. Betri ya volti 12 yenye ampia-saa 7 ina wati-saa 84 tu. Kwa mzigo wa wati 60, baada ya upotevu, usitarajie zaidi ya saa moja.

Tuweke badala yake betri ya sola ya asidi ya volti 12, ampia-saa 100. Ukizidisha unapata wati-saa 1,200. Betri ya asidi haipendi kumalizwa. Ukitaka idumu, tumia nusu, yaani 600. Inverta nayo inakula sehemu yake, tuseme asilimia 15. Zinabaki 510. Gawanya kwa 60: saa 8 na nusu. Ukizima simu nne zisizo za lazima usiku na kubakiza ya mapokezi na ya padre wa zamu, mzigo unashuka hadi wati 44, na muda unafika saa 11 na nusu, yaani usiku mzima. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hustahimili kutumiwa karibu yote, lakini bei yake ni kubwa na inataka chaja inayoiendana.

Kwa kigango kisicho na umeme wa gridi kabisa, jua letu linatosha. Tukikadiria saa 5 za jua kali kwa siku, mzigo wa wati-saa 1,440 unahitaji paneli ya wati 288 kwa hesabu tupu. Tukiongeza upotevu wa vumbi, joto, nyaya na betri, tuweke paneli za wati 400 hivi. Na vumbi la Shinyanga mwezi Agosti si la kudharau: paneli ifutwe.

Umeme unaocheza, na radi

Kukatika kwa umeme si adui pekee. Umeme unaporudi baada ya kukatika huja mara nyingine kwa kishindo, na mahali penye mashine kubwa za kusaga au za kupasua mawe ya dhahabu kwenye laini ileile, volti hupanda na kushuka mchana kutwa. Kifaa cha kielektroniki kilichotengenezwa kwa volti 230 kinachoka haraka. Stebilaiza mbele ya swichibodi ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya swichibodi mpya.

Radi ni jambo zito zaidi. Ukanda wa Ziwa unaifahamu vizuri. Januari 2025 iliua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda, wilayani Bukombe, mkoani Geita. Waya mrefu wa simu unaopita juu kutoka nguzo hadi nguzo, au kutoka nyumba ya mapadre hadi zahanati, ni njia nzuri kwa radi kuingia ndani. Mambo matatu yanasaidia. Kwanza, kinga ya radi iwekwe pande zote mbili, kwenye waya wa umeme na kwenye waya wa simu au mtandao, kwa sababu kulinda mlango mmoja na kuacha wa pili wazi hakusaidii. Pili, kinga hizo ziungwe kwenye ethi moja nzuri. Fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye mwamba au kwenye udongo mkavu wa kiangazi haipitishi vizuri. Fundi aipime kwa kifaa, asikisie. Tatu, kati ya jengo na jengo, faiba ni salama kuliko shaba, kwa sababu ileile tuliyoitaja: kioo hakipitishi umeme. Na ngurumo zikianza, simu yenye waya isitumike isipokuwa kwa dharura ya kweli.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

1. Kila simu inapata umeme wapi: kwenye laini, kwenye kisanduku, kwenye swichi au kwenye adapta yake?
2. Umeme wa TANESCO ukikatika sasa hivi, ni simu ipi itaendelea kufanya kazi, na kwa saa ngapi?
3. Je, vifaa vyote vya njiani, yaani kisanduku cha faiba, ruta na swichi, viko kwenye betri ileile? Simu yenye chaji haina maana kama ruta imezimika.
4. Ethi imepimwa, na kinga ya radi iko pande zote mbili?
5. Nani atabadilisha betri, na mwaka gani? Tarehe iandikwe juu ya betri.

Kisha lifanyike jaribio ambalo halina gharama. Mara moja kila miezi mitatu, mchana kweupe, zima swichi kuu ya nyumba, kisha mpigie paroko kutoka nje. Subiri saa mbili, piga tena. Utajua ukweli kabla usiku haujakuambia.

Katika malezi yetu tunafundishwa kwamba mali ya Kanisa ni ya kutunzwa kwa uwakili mwema. Mara nyingi tunafikiria majengo na magari. Betri iliyo chini ya meza ya mapokezi nayo ni sehemu ya uwakili huo. Wale wanawali watano wa Injili hawakukosa taa. Walikosa mafuta ya akiba. Simu za ofisi tunazo. Tuangalie akiba yake, ili mgonjwa wa Msalala au wa Nyarugusu anapomtafuta padre usiku, simu ilie na mtu aipokee.